Shangazi, baiskeli niiweke ndani hadi Aprili?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimetoka Nakuru, sasa niko Minneapolis, Marekani. Kazini ni kilomita 7, naenda kwa baiskeli. Wenzangu wanasema theluji ikianguka niachane nayo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiache! Mimi nimeendesha hapa majira sita ya baridi. Nunua matairi yenye vijisumari vya chuma. Pesa zikitosha moja tu, lifunge mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza umeshaanguka. La nyuma utaliwahi. Niliyajua hayo Januari yangu ya kwanza, nilipovunjika kifundo cha mkono kwenye barafu nyembamba isiyoonekana.

Toka nyumbani ukihisi baridi kidogo. Ukitoka umejifunika hadi una joto, utatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha. Vidole navyo hupata joto vikikaa pamoja, kwa hiyo vaa glavu zisizovitenganisha. Pitia Midtown Greenway, ile njia ya baiskeli; huondolewa theluji. Chumvi ya barabarani hula mnyororo: ufute na kuutia mafuta kila jioni, hata ukiwa umechoka.

Siku upepo ukiuma usoni kama kisu, panda basi. Mbele lina kibebeo cha baiskeli.