Je, Listrosauri Alikuwa Dinosauri?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana kitabu cha wanyama wa kale ambamo listrosauri amechorwa katikati ya dinosauri, ilhali mimi nimewahi kusoma kwamba ni jamaa wa mamalia. Lipi ni sahihi? Na kama alikuwa mla majani wa nchi kavu, mifupa yake ilifikaje Antaktika?

JIBU: Ulichosoma ndicho sahihi. Listrosauri aliishi takriban miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya dinosauri wa kwanza kutokea, na jina alilopewa na mtaalamu wa visukuku Edward Cope mwaka 1870, ambalo ndani yake mna neno la Kigiriki lenye maana ya mjusi, limewapotosha wengi. Ushahidi wa nasaba yake umo katika fuvu: nyuma ya kila jicho pana tundu moja la kupitishia misuli ya taya, ilhali dinosauri wana mawili. Tundu hilo moja ndilo alama ya ukoo wetu. Ukiweka kidole kwenye panja lako huku ukitafuna, utausikia msuli huohuo ukicheza.

Hata hivyo, tusimwite babu. Alitoka katika tawi la disinodonti, lililokwisha bila kuacha kizazi, na mamalia wakatokana na tawi jirani la sainodonti. Listrosauri wengi walikuwa na umbo la nguruwe mnene. Kinywani walibakiwa na chonge mbili tu, na majani waliyakata kwa mdomo mgumu kama wa kobe.

Kuhusu Antaktika, mifupa hiyo ilitambuliwa huko mwaka 1969 na msafara wa Wamarekani aliokuwamo mtaalamu wa visukuku Edwin Colbert, wakati ambapo mingine ya aina hiyo ilikwisha kupatikana Afrika Kusini, India na Uchina. Kiumbe mzito wa miguu mifupi hawezi kuvuka bahari kuu, na hakuhitaji kuivuka, kwa kuwa nchi zote hizo zilikuwa zimeungana katika bara moja, Panjea, lililokuja kupasuka baadaye na kuitawanya mifupa hiyo pamoja na miamba iliyoihifadhi. Antaktika yenyewe haikuwa na barafu kama leo, ingawa ilikuwa tayari kusini sana, mahali ambapo jua hutoweka kwa muda mrefu wakati wa baridi. Chonge zilizotoka huko, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, zina mistari ya ukuaji iliyosongamana, dalili kwamba mnyama huyo alipunguza kasi ya shughuli za mwili wake hadi majira magumu yapite.