Muulize Bibi: Je, mifupa ya Kilwa imempa babu ushindi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kwetu Tanga, babu hutuambia sisi ni Washirazi, tumetoka Uajemi. Wenzangu chuo kikuu hunicheka, eti ni hadithi ya watu wanaojikweza. Juzi mmoja kanitumia habari kwamba wanasayansi wamepima mifupa ya kale ya pwani wakakuta vinasaba vya Kiajemi. Sasa babu kashinda?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Babu kapata pointi, lakini mechi hajashinda.

Utafiti huo ulitoka Machi 2023 katika jarida la Nature, na Profesa Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyezaliwa Kenya, ni mmoja wa waliouongoza. Walipimwa watu 80 waliozikwa Manda, Faza na Mtwapa upande wa Kenya, Kilwa, Songo Mnara na Lindi upande wa Tanzania, pamoja na wengine wa Makwasinyi, bara kule Taita. Nimeusoma na penseli mkononi, maana vichwa vya habari vilinitia wasiwasi.

Kuna kinasaba ambacho kila mtu hurithi kwa mama peke yake, na kingine ambacho baba humrithisha mtoto wa kiume tu. Katika mifupa ya pwani, cha mama ni cha Kiafrika karibu kila mara. Cha baba mara nyingi kinatoka Asia, na kabla ya mwaka 1500 hivi Asia hiyo ni Uajemi hasa, pamoja na sehemu ndogo ya Uhindi. Baadaye ndipo Uarabuni inapozidi. Ukijumlisha vyote, wengi wao Uafrika ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo wale waliokuwa wakisema habari ya Kilwa, ya Sultani Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo, ni uzushi mtupu, wapunguze sauti. Ila masimulizi mengine ya Kilwa yanasema mgeni huyo wa Shirazi aliozwa binti wa mwenyeji. Babu yako huyo binti humtaja?

Sasa tazama tarehe, hapo ndipo penye utamu. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Lakini kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine chini yake, na mwingine tena, na ule wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Watu walikuwa wakiswali pale karibu miaka 200 kabla ya ndoa hizo kuonekana kwenye mifupa. Na vyungu walivyopikia, vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, vinafanana na vilivyofinyangwa bara. Mji ulikuwepo, Uislamu ulikuwepo, ndipo wakwe wakaja. Waliokuja nao wakaacha Kiajemi, watoto wao wakazungumza lugha ya mama zao. Mimi hilo halinishangazi: mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi alihitaji mwenyeji, nyumba na shemeji wa kumlindia mali. Lamu mpaka leo kuna familia zinazompa binti nyumba anapoolewa.

Jambo moja wanaosambaza habari hiyo hulisahau. Wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, mahali pa watu wenye hadhi. Mvuvi wa kijiji cha udongo na makuti hayumo, au yumo kwa nadra sana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba wengi wa wakazi wake walikuwa weusi sana, wenye chale usoni.

Na hao wenzako wanaokucheka nao wana hoja, kwa sababu kujiita Mshirazi hakukutegemea nasaba peke yake. Chukua Unguja na Pemba. Kati ya hesabu ya watu ya 1924 na ile ya 1948, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mpaka karibu kwisha, huku Washirazi wakiongezeka. Hawakufa wala hawakuhama. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa asili zao, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata mpango huo, mchele kwa hawa na mahindi kwa wale. Nani asingefikiri mara mbili kabla ya kumjibu karani? Kufikia 1957 jina hilo hilo likawa sehemu ya jina la chama, Afro-Shirazi. Wazee wa kizazi cha babu yako walikulia ndani ya mabishano hayo, kwa hiyo mwulize pia baba yake aliandikishwa nini, na karani gani, na kwa ajili ya kupata nini.

SWALI: Bibi, nikituma mate yangu kwa kampuni za nje zinazopima vinasaba, wataniambia kabila langu?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Watakulinganisha na watu waliomo kwenye kumbukumbu zao, na Waafrika humo ni wachache. Asilimia utakazopewa ni makisio, na huweza kubadilika kila wanapoongeza sampuli. Kabla hujalipa, waulize wana sampuli ngapi za pwani yetu, na vinasaba vyako vitahifadhiwa wapi na kuuzwa kwa nani. Wakizungukazunguka, mate yako yameze.