Dada, usiandike barua ya kuacha kazi mwezi huu

Dada yangu, nimekuelewa: ofisi imekuchosha, usiku unasuka mikoba ya ukindu (majani ya mkindu), na unataka uishi kwa mikono yako huku ukiwatangaza wasanii unaowapenda. Mimi niliacha kazi na akiba ya miezi miwili tu. Kodi ya nyumba ilinibana hadi nikauza mikoba kwa hasara.

Anza na muda. Kuanika ukindu, kuuchana, kuutia rangi, kusuka ukili (mkanda wa ukindu), kuushona uwe mkoba: andika saa zote. Nilikuwa nahesabu ukindu na rangi pekee, kumbe kila mkoba unanitia hasara. Ukiuza miezi sita mfululizo, na akiba ipo, hapo toa notisi. Soma mkataba wako, na uwaulize NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, habari za mafao kabla hujasaini chochote.

Wasanii? Anza na marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa Tingatinga, au Lubaina Himid, msanii mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, 2017. Walio hai waombe ruhusa kabla ya kutuma picha za kazi zao, na utaje majina yao. Mchoro uliochorwa na mtu mwingine usiuweke kwenye mkoba wa kuuza bila kibali cha maandishi. Ukiwa na shaka, nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania.