Barua kwa mwanangu: Fundi Zege

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeuliza kama nitakasirika ukituma mate yako kwa kampuni ya vinasaba ya nje ili umtafute baba yangu mzazi. Sitakasirika. Ila fahamu kwamba kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo ya mtu yule ninayo mimi na kaka yako, wewe huna. Vinasaba vingine vyake unavyo, lakini kama nina ndugu wa baba mmoja, mimi na yeye tutafanana kwa takriban robo, na wewe na yeye kwa nusu ya robo hiyo. Mate yanayofaa zaidi ni yangu. Tena mtu hupatikana katika kumbukumbu za kampuni hiyo endapo jamaa zake nao wamepimwa, na wa kwetu waliopimwa ni wachache mno. Hapa nchini, kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, hulinganishwa vinasaba vya watu wanaofahamika, nami sina wa kumpeleka.

Unajua bibi yako alivyokuwa akilikwepa jambo hili. Aliwapikia vibarua waliojenga reli ya TAZARA hapa Makambako, nami nikazaliwa mwaka 1973, reli ikiwa inasogea kuelekea Tunduma. Maisha yake yote aliniambia neno moja tu: «Alikuwa Fundi Zege, akahamishwa.» Aliyenipeleka shule na kuniandikisha kwa jina lake ni Mjomba, na ndiyo maana siku zote nawaambia kwamba jina ni la aliyekulea.

Lakini kama jina ni la aliyekulea, mbona mwaka 1993 nilipanda treni kwenda Mlimba bila kumuaga yeyote? Nilikuwa nimesikia kwamba baadhi ya wajenzi wa reli walibaki kule wakalima mpunga. Treni ilishuka kutoka nyanda za juu, ikiingia handaki hili na kutokea jingine, na kila giza lilipojaa behewani nilijiuliza kama zege lile alilimwaga yeye. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kambini alinikaribisha kwake, akanipa wali na samaki, ndipo nikamweleza ninayemtafuta. Aliliweka tonge chini.

«Mwanangu, mafundi zege tulikuwa wengi, na sote tuliitwa hivyohivyo. Mama yako anaitwa nani?»

Sikumjibu. Nilisema nimesahau kitu stesheni, nikaondoka.

Hadi leo swali lile linanichoma, kwa sababu ndilo lililokuwa swali sahihi. Mafundi walikuwa wengi, lakini aliyewapikia watu wale chakula kila siku hasahauliki, na mzee yule pengine angenitajia rafiki zake, au hata kambi aliyohamishiwa mtu yule. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa nalinda heshima ya mama yangu. Sivyo, mwanangu. Niliona aibu kwa niaba yake, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Au labda niliogopa kwamba mzee angejibu kweli. Hilo nalo nimelifikiria sana. Sikurudi tena Mlimba, na bibi yako tulimzika kabla sijamweleza kwamba nilikwenda.

Kuhusu mtu yule mwenyewe, yapo maneno ninayoyameza. Kuhamishwa kambi si kosa la kibarua, na huenda hakujua kwamba nimezaliwa. Hata hivyo barua ingeweza kusafiri kwa reli ileile aliyoijenga. Niishie hapo, nisije nikamhukumu mtu ambaye hayupo kujitetea.

Ukija Krismasi, njoo na hicho kichupa cha kutemea mate. Kwanza tutakwenda kwa Mjomba, nimweleze mimi mwenyewe na kumwomba ruhusa, maana amezeeka na sitaki asikie kwa watu kwamba natafuta baba mwingine. Nimekwisha kusema jina ni la aliyekulea, na halitabadilika hata tukimpata huyo. Mjomba akiridhia, nitatema mate hayo. Na kwenye fomu, palipo na nafasi ya jina la mama yangu, uliandike lote, kwa herufi kubwa.

Baba yako