Fundi Anajibu: Usinunue kontroli boksi, tafuta mpira wa hewa uliopasuka

SWALI
Shikamoo Fundi. Nina pikapu aina ya Ford F-150 ya mwaka 1990, injini ya silinda sita, lita 4.9, ya kazi zangu za bustani hapa San Diego. Sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) imepanda, nikisimama kwenye taa inanguruma mizunguko 1,400 kwa dakika. Nimelegeza skrubu ya throtle (mlango wa hewa ya injini) mpaka mwisho, wapi! Juzi imefeli kipimo cha moshi kwa oksidi za naitrojeni, na nilipoisoma kompyuta yake ikatoa kodi 33, yaani namba ya hitilafu. Jirani ananiuzia kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyotumika, na anasema niizibe kabisa EGR, ile valvu ya kurudisha moshi kwenye injini. Nifanyeje?
Baba Neema

JIBU
Marahaba, Baba Neema. Hela ya jirani kaa nayo kwanza.

Mimi nilijifunzia ufundi Gerezani, Dar es Salaam, kwenye magari ya kabureta, ambako bisibisi moja ilimaliza ugomvi wote wa sailensi. Nilipokutana na Ford za namna hii nilianza kwa kosa lako hilohilo. Skrubu ile si ya kupangia sailensi. Kompyuta yake, ile iitwayo EEC-IV, inapanga yenyewe kwa valvu ndogo ya umeme iliyofungwa pembeni ya throtle, inayopitisha hewa kandokando ya kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga throtle. Injini ikiwa baridi inaifungua zaidi, ikipata moto inaibana. Ukicheza na skrubu unaivuruga sensa ya throtle, ambayo kipepeo kikifunga inatakiwa isome chini kidogo ya volti 1. Kwa hiyo irudishe ulipoikuta.

Sasa jaribu hivi. Injini ikiwa ya moto, chomoa plagi ya waya kwenye valvu hiyo. Mizunguko ikianguka, au injini ikizima, hewa ilikuwa inapita humo, na kazi yako ni kuisafisha valvu au kuibadilisha. Ukiipima kwa mita inapaswa kusoma kati ya omu 7 na 13. Lakini ikibaki palepale 1,400, basi yaelekea kompyuta ilishaifunga zamani, na hewa inaingia kwa mlango mwingine. Nahisi huko ndiko uliko.

Utauliza mbona injini haikosi moto wala kutetemeka. Hiyo yako haina kipimo cha hewa inayoingia. Ina sensa ya mgandamizo wa manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Mpira wa mvuto, yaani bomba laini lililounganishwa na manifoldi, ukipasuka mgandamizo unapanda, kompyuta inadhani umebeba mzigo, inaongeza petroli. Hewa imezidi, petroli nayo imezidi, gari linanguruma vizuri tu kama linafurahi.

Na kodi 33 maana yake EGR haikufunguka ilipoamriwa. Amri inatoka kwenye kompyuta, ila nguvu ya kuinua valvu ni mvuto wa hewa unaopita kwenye mpira mwembamba. Mpira wa mvuto ukipasuka, unaweza kukupandishia sailensi na kuinyima EGR nguvu kwa mpigo. EGR hurudisha moshi kidogo ndani ya silinda ili moto usipate joto kali, kwa kuwa joto hilo ndilo linalozalisha oksidi za naitrojeni. Kwenye sailensi inatakiwa ifunge. Kazi yake ni gari likitembea. Ndiyo maana gari linapimwa magurudumu yakizunguka juu ya mapipa ya kupimia, maili 15 na 25 kwa saa. Ukiiziba utafeli tena, na California mkaguzi hupima kwa macho pia: akiona imezibwa, umefeli hata moshi uwe safi kama wa uvumba.

Chukua kipande cha mpira kama cha futi tatu, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe taratibu kwenye kila kiungo huku injini inaunguruma. Angalia feni na mkanda! Pale penye mluzi ndipo. Usinyunyizie petroli kutafuta uvujaji. Nimeshaona boneti ikiwaka hivyo. Ukishabadilisha mpira, hakikisha EGR yenyewe haijakwama kwa masizi, kisha chomoa waya hasi wa betri dakika kumi ili kompyuta isahau ilivyokuwa imejizoesha.

Niandikie ulikoukuta. Mimi naanza kukishuku kile kiwiko cha mpira cha PCV (valvu inayovuta mvuke wa ndani ya injini kuurudisha kwenye manifoldi), upande wa chini ambako hakionekani.