Mabati ya Mheshimiwa, Mahari Isiyoisha na Pilau ya Idd

Uchaguzi wa Agosti 2027 haujafika, lakini mabati yameshaanza kufika. Nazijua dalili: barua zinazohusu siasa huongezeka kapuni kwangu kabla hata ya wagombea kuchapisha mabango. Wiki hii nimechagua saba. Mbili ni ndefu na nimezikata. Waliozituma wanisamehe, tabia ya mwalimu mstaafu haiishi.

*Bwana asifiwe, Mwalimu. Kanisa letu huku Kakamega lilikuwa linavuja. Mbunge katuletea mabati 200 na spika mbili, na Jumapili hiyo akapewa maikrofoni dakika arobaini. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipolalamika nikaambiwa nina roho ya kupinga maendeleo. Nimekosea?*

Asifiwe milele. Hujakosea, ndugu yangu, ila umechelewa. Swali hilo lilipaswa kuulizwa lori likiwa bado langoni.

Fungua Mwanzo 14. Abramu ametoka vitani, amemwokoa Lutu, na nyara zote zilikuwa haki yake kwa desturi ya siku zile. Mfalme wa Sodoma anamwambia chukua mali, nipe watu. Abramu anakataa hata “uzi wala gidamu ya kiatu”, na sababu anaitoa mwenyewe: “usije ukasema, Nimemtajirisha Abramu.” Angalia vizuri. Hakusema mali ile ni najisi. Aliogopa ile sentensi. Na mheshimiwa wako naye hakununua paa, amenunua sentensi. Ataisema kwenye mazishi, ataisema sokoni, na siku mchungaji wenu atakapothubutu kuuliza habari ya barabara au dawa za zahanati, ataambiwa atazame juu.

Hili halikuanza kwenu, wala si wazo la wazee wenye kinyongo. Septemba 2021, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, huko huko kwenu Kakamega, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa maikrofoni mbele ya vigogo wa taifa. Karibuni mwabudu, hotuba pelekeni kwingine. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaenda mbali zaidi. Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia, na milioni 2 za nyumba ya padri. Jimbo Kuu lake la Katoliki likatangaza kwamba pesa zinarudishwa. Kuna waliosema ni kiburi. Mimi nilisema ni gidamu ya kiatu.

Lakini sitakurushia mawe, maana mkono wangu una vumbi. Mwaka 2007 nilikuwa mweka hazina wa parokia yetu, na ni mimi niliyetia sahihi kupokea pesa za madirisha kutoka kwa mgombea mmoja. Januari iliyofuata watu waliokimbia vurugu za uchaguzi walikuja kulala ndani ya kanisa hilo na magodoro vichwani, na baadhi yao walisimama mlangoni kwanza wakauliza, “Hili ni kanisa la upande gani?” Sijapata kuulizwa swali lililoniuma kuliko hilo. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Nilisoma taarifa ile nikiwa nimekaa chini ya madirisha yangu.

Sasa mfanye nini? Mabati msiyang'oe, mvua haijui siasa. Mwandikieni risiti. Jina lake lisomwe kwenye matangazo pamoja na la mama aliyeleta kuku, kwa sauti ile ile. Halafu baraza la wazee lipitishe azimio, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba madhabahuni huzungumza aliyetumwa kuhubiri tu. Akija tena, akae benchi, apitishiwe kikapu kama sisi. Na mkiwa faraghani mjiulize jambo moja la hesabu: mshahara wa mbunge unajulikana. Mabati 200 kila Jumapili, kila kanisa, yanatoka kwenye mshahara upi?

*Mwalimu, nimeishi na baba wa watoto wangu miaka tisa bila ndoa. Tunataka kufunga kanisani, lakini kamati ya harusi imekadiria laki nne, na baba yangu anasema mbuzi kumi na mmoja bado hawajafika. Tutaoana lini? – Mama Wawili, Machakos*

Binti yangu, mkitaka, mwezi ujao.

Kamati ivunje leo. Kamati ya harusi ni chombo cha kuwafanya watu wawili waliopendana waanze maisha na deni la hema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inahitaji hiari yenu, umri wa miaka 18, notisi ya siku 21, mfungishaji mwenye leseni, mashahidi wawili. Keki haimo. Ongea na mchungaji akufungisheni baada ya ibada ya kwanza, wamama wapike chai na mandazi, saa tano mko nyumbani. Kuna parokia hufungisha jozi kumi kwa siku moja, na hakuna ndoa niliyosikia ikivunjika kwa kukosa wasimamizi wenye sare.

Kuhusu mbuzi, hapo nataka kuzungumza na baba yako kama mzee mwenzangu. Mzee, mahari naiheshimu, na mimi nililipa. Lakini hata katika ndoa ya kimila sheria hiyo hiyo inasema kishika mkono kinatosha kuthibitisha. Wajukuu wawili wanakuita guka au babu, na bado unahesabu mbuzi? Wakulipe polepole wakiwa mume na mke. Deni la mahari halijawahi kuoza, ndoto za binti ndizo huoza.

Kuna jambo utaulizwa na wazee wa kanisa, nami nakuambia mapema. Watawataka mlale vyumba tofauti hadi siku ya kiapo. Msikasirike, fanyeni. Miaka tisa mmejifanyia mnavyotaka, siku 21 mtashindwa?

*Mume wangu anacheza ile ndege ya kubeti kwenye simu. Akishinda anatoa fungu la kumi kanisani na kusema Mungu amemwinua. Je, sadaka hiyo inakubalika?*

Mama, Kumbukumbu la Torati 23 inataja ujira ambao haukutakiwa kuingizwa nyumbani mwa Bwana hata kwa nadhiri. Ila mimi sina shida na fungu la kumi la siku anazoshinda. Muulize habari ya yale mafungu kumi ya siku anazoshindwa: unga, karo, na ule mkopo wa simu wa Fuliza unaokatwa kila pesa ikiingia. Huyo anatoa zaka kwa mdomo na kodi ya nyumba kwa ndege. Laini ya simu ya akiba ishike wewe.

*Kijana wangu alikuwa kwenye maandamano ya Juni 2024 na bado ana moyo huo. Pasta wetu amehubiri Warumi 13, “Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu,” akimwangalia yeye. Kijana ameacha kuja kanisani. Nani ana makosa?*

Pasta ana makosa ya kuishia mstari wa kwanza. Mstari wa tatu unasema watawala hawatishi watu kwa sababu ya matendo mema, na wa nne unamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi huulizwa kazi yake. Paulo hakuandika waraka ule ili mfalme Ahabu apate aya ya kumsomea Nabothi aliyenyang'anywa shamba.

Nasema hivi nikiwa mtu wa mrengo wa kale kabisa. Sipendi matusi kwa wazee, sipendi moto, na Juni 25, bunge lilipovamiwa, nilizima redio kwa huzuni. Aliyevunja duka la mtu siku ile ni mwizi, hata akiwa na bendera mabegani. Lakini wapo pia waliopigwa risasi wakiwa na chupa ya maji na simu, na ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Mswada wa Fedha, ule wa kodi walioupinga, Rais alitangaza kesho yake kwamba unarudishwa bila sahihi. Kama vijana hawakuwa na hoja, ulirudishwa kwa nini?

Pasta wako akumbuke tulikotoka. Miaka ya themanini, wapiga kura walipopangwa foleni nyuma ya wagombea, ule mlolongo wa 1988, waliosema haya ni makosa walikuwa watu wa kola za kichungaji: Henry Okullu, Alexander Muge, Timothy Njoya, David Gitari. Gitari hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mwinjilisti wa Biblia mkononi, akihubiri Danieli sura kwa sura, na wakubwa wakijiona ndani ya kitabu hicho bila kutajwa. Usiku mmoja wa Aprili 1989 wavamizi walivunja nyumba yake Kirinyaga, akanusurika kwa kupanda juu ya paa. Hakuwahi kufikiri kwamba Warumi 13 imefuta Matendo 5:29, kwamba yatupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Kijana wako usimburute kwenda kanisani. Nenda naye Jumamosi mkanywe chai, umuulize alichokiona siku ile, na unyamaze akieleza. Kisha mwambie jambo moja kutoka kwangu: anayetaka viongozi wasiibe asije mtihanini na karatasi ya majibu mfukoni. Na pasta mwendee wewe, kwa heshima, ofisini kwake, si kwenye kikundi cha WhatsApp.

*Mjukuu wangu wa kidato cha tatu ana mimba. Shangazi yake wa Nairobi anasema kuna dawa, tusiaibike. Kanisa limeshamtoa kwaya. Nimechoka kulia. – Nyanya, Nyeri*

Nyanya, pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu.

Dawa ya shangazi ikataeni. Naamini, na Katiba yetu katika ibara ya 26 inasema hivyo, kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Ibara hiyo inaacha mlango pale mtaalamu wa afya anapoona dharura au hatari kwa uhai au afya ya mama, na uamuzi huo ni wa mtaalamu huyo, si wa shangazi mwenye vidonge kwenye mkoba. Mpeleke kliniki wiki hii hii. Wasichana wa umri wake wanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Lakini anayesema mtoto azaliwe lazima awepo akizaliwa, na hapo ndipo kanisa lako limenikasirisha. Msichana katolewa kwaya. Mvulana je? Katika makanisa mangapi baba wa mimba bado anapiga kinanda Jumapili ile ile? Nidhamu ya upande mmoja naiita woga. Kama aliyempa mimba ni mtu mzima, hapo hakuna cha kusuluhishwa kwa mbuzi na soda. Chini ya miaka 18 sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haitambui ridhaa, nendeni polisi, hata kama ni shemasi. Hasa kama ni shemasi.

Shule atarudi. Sera ya kuwarejesha wasichana baada ya kujifungua ipo tangu 1994, mwalimu mkuu akikuzungusha mwambie unaijua. Na Muungano wa Akina Mama badala ya kunong'ona, wagawane zamu: nani ana nepi, nani atabaki na mtoto saa za masomo.

*Baada ya Shakahola, serikali inataka kudhibiti makanisa. Sisi tuliookoka tukubali?*

Zaidi ya maiti 400 za waumini walioambiwa wafunge hadi kufa zilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia Aprili 2023, watoto wakiwemo, na kesi zipo mahakamani. Kwa hiyo tusianze na neno “mateso”. Kumzuia mtu kumnyima mtoto chakula si kudhibiti imani, ni kazi ya polisi, na sheria za kutosha zilikuwepo kabla. Walichelewa kuzitumia.

Ninachokataa ni afisa wa serikali kunipangia mahubiri, ibara ya 32 ya Katiba, ya uhuru wa dini, inanilinda. Ninachokubali, tena kwa furaha, ni kuulizwa hesabu. Kanisa lililosajiliwa kwa Msajili wa Vyama halafu waumini hawajawahi kuona taarifa ya benki linaogopa nini? Muulizeni mchungaji wenu Jumapili ijayo. Akisema swali hilo ni la shetani, tafuteni kanisa jingine.

*Mwalimu, nimehamia Likoni. Jirani yangu Mwislamu amenialika pilau ya Idd. Dada mmoja wa maombi anasema nikila nimeshiriki sadaka ya dini nyingine. Niende?*

Nenda. 1 Wakorintho 10:27: akualikaye asiyeamini, nawe ukitaka kwenda, kula kilichowekwa mbele yako bila kuuliza-uliza. Vaa kwa heshima, wapelekee watoto wao kitu kidogo. Na wakikufungia ya kwenda nayo nyumbani, usirudishe sahani tupu. Pwani hilo ni kosa.