Ukialikwa dina ya mameneja miradi, nenda na tatizo lako

Dina yangu ya kwanza ya mameneja miradi, hapa Dar, niligawa kadi 38. Idadi naijua kwa sababu nilibeba 40 nikarudi na mbili, moja ina mchuzi. Nilikaa na wenzangu watatu wa ofisini, tukala, tukapiga picha na mzungumzaji, tukaondoka. Aliyenipigia simu baadaye alikuwa mmoja tu, kijana anauza bima.

Siku hizi nawahi. Mwaliko ukisema saa 12:30 jioni, chakula kitapakuliwa saa 2 na ushee, maana foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi haisomi mwaliko. Muda ule watu wamesimama na juisi mkononi, hawana la kufanya, ndio wa kuongea. Mzungumzaji akishashika kipaza sauti unabaki na wawili tu, wa kulia na wa kushoto. Kwa hiyo mkitoka ofisi moja, tawanyikeni. Wenzako utawaona Jumatatu.

Halafu beba tatizo moja, lile linalokunyima usingizi. Kuna kipindi nilisimamia mradi wa maji wa fedha za serikali, mabomba yetu yamekaa bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Mama mmoja wa makamo kushoto kwangu akaniuliza kazi zinaendaje. Nilitaka kusema "nzuri tu," kama kawaida yetu, nikajikuta namweleza yote. Akaweka uma chini.

"GN imetoka, mwanangu?"

GN ni lile tangazo kwenye Gazeti la Serikali linalotoa msamaha wa kodi kwa vifaa vya mradi. Haikuwa imetoka. Kosa lilikuwa letu: tuliagiza mzigo kwanza, maombi ya msamaha yakafuata nyuma. Akavuta tishu, akachora ratiba yake kwa kalamu: mkataba ukisainiwa tu, maombi yanaondoka, oda ya mabomba iko mwisho kabisa, na katikati ameacha miezi, siyo wiki. Mzigo ule haukuokoka, tulilipa. Awamu ya pili tulifuata tishu.

Mzungumzaji wa usiku ule aliongelea uongozi. Hakuwa mbaya, ila sikumbuki hata sentensi moja. Nafasi ya maswali ikija, mbane kwenye kazi aliyoifanya. Ukimuuliza "una ushauri gani kwa vijana?" atakupa hotuba nyingine. Muulize aligundua lini kwamba mradi umeanza kuchelewa, na alimwambia nani kwanza. Na uliza, usihutubie. Ukumbi mzima una njaa.

Wenye PMP, kile cheti cha mameneja miradi, wanaofukuzia zile PDU 60 (alama za kujiendeleza) za kila miaka mitatu, kumbukeni saa moja ya kujifunza ndiyo PDU moja. Inahesabiwa mada, kuku hahesabiwi.

Kadi bado nabeba, tano hivi. Ila ujumbe natuma asubuhi yake, kabla mtu hajasahau sura, na namkumbusha tulichoongea badala ya cheo changu. Yule mama nilimwandikia WhatsApp saa 2 asubuhi: "Shikamoo mama, ni mimi wa mabomba." Juzi tumekutana, akanionyesha simu yake. Jina langu halimo. Kaniandika "Wa Mabomba."